Kazi Ambayo Kila Mtu Aliijua

Msimamizi wetu aliondolewa kazini kwa sababu kazi yake ilijulikana na kila mtu. Naanza hapo kwa kuwa wanaonisikia nikimtaja huuliza kwanza aliiba nini, na hakuiba kitu. Bodi ya mradi ilikaa, ikatafuta ni nani anaweza kutoka bila maji kukatika, ikaona ni yeye. Maji yasingekatika kwa sababu alikuwa ametufundisha sisi wote kila alichokijua. Alifanya hivyo kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, huku wengine wakimwonya.

Habari za kuzaliwa kwake sizijui na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari mtu mzima, amekaa nyuma ya meza, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anakutazama kwa juu ya vioo kana kwamba vioo ni vya kusomea watu wengine, si wewe. Ofisini tulimwita Madam. Watu wa nje walimwita Msimamizi, na nikimfikiria peke yangu ndilo jina linalokuja.

Mradi wetu wa maji uko upande wa Matiliku. Ulianzishwa na makanisa, ukakua, ukasajiliwa, ukapata bodi. Una visima virefu vya pampu, matangi juu ya kilima, bomba linaloteremka hadi sokoni na vijijini, na vioski ambako watu huchota kwa mitungi wakapakia punda. Mimi naitwa Mbithe. Niliajiriwa kusoma mita, baadaye nikapewa kazi ya kutia dawa ya maji, na hapo ndipo niko hadi leo. Ofisi yenyewe ni vyumba vichache vya mawe, na kiangazi kikikolea unasikia mabati yakilia juu ya kichwa mchana kutwa.

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya maombi, tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya varanda na kufanya jambo ambalo sijaliona kwa ofisi nyingine. Mtu hakuruhusiwa kueleza kazi yake mwenyewe. Kazi yako ilielezwa na mwenzako, wewe umenyamaza, na akimaliza ndipo ulipewa nafasi ya kusema amekosea wapi. Karani wa malalamiko alieleza pampu imefanyaje wiki iliyopita. Askari wa geti alieleza dawa inachanganywaje. Mwanzoni tulikuwa tunachekana, kwa sababu mtu alikuwa akisimama pale hana hata neno moja.

“Mbithe, tuambie vile watu wa mita walifanya wiki imeisha,” angesema.

“Madam, mimi si wa mita siku hizi.”

“Ndio maana nakuuliza wewe.”

Hatukuipenda desturi hiyo. Msomaji mita mmoja, mtu wa mdomo mwepesi, aliiita kusemeana, kama kule kwa watoto wa shule wanaokimbilia kwa mwalimu kusema nani amepiga kelele. Siku moja alimwambia hivyo waziwazi, kwamba Madam, hii kitu ni ya class four. Msimamizi akamtazama kwa juu ya miwani. “Class four ndio ulijua kusoma,” akamwambia. “Sasa endelea. Karani alifanya nini Alhamisi?”

Desturi yenyewe hakuitoa kwenye semina. Aliitoa kwenye mwethya, kile kikundi cha kusaidiana ambacho karibu kila mwanamke wa huku amewahi kuwa ndani yake. Leo mnachimba matuta kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa shamba la yule, mnaimba, mnakula muthokoi wa mwenye shamba, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, mnakwenda nyumbani. Alituambia kwamba alipokuwa kwenye kikundi chake, mwenye shamba akilala mgonjwa wenzake walichimba bila kumwamsha, kwa sababu walijua jiwe liko wapi na maji ya mvua huingilia wapi. Alitaka ofisi ya namna hiyo. Alisema mtu akiugua asipigiwe simu kitandani.

Na kwa kweli ilifika mahali hatukupigiana simu. Karani alipokwenda kujifungua, askari wa geti ndiye aliyepokea malalamiko, na watu wa vioski wakasema afadhali askari kwa sababu hana maringo. Nilipougua malaria nikarudi nikakuta dawa imetiwa vizuri kuliko ninavyotia mimi. Nilifurahi, halafu nikashangaa kidogo kwa nini nimefurahi.

Neno aliloliogopa lilikuwa “hiyo naijua mimi tu.” Ukilitamka mbele yake, hata kwa mzaha, alikupa likizo. Hakugomba. Alikwambia uende nyumbani wiki hiyohiyo ukapumzike, simu uache ofisini. Yule msomaji mita wa mdomo mwepesi alijisifu kwamba kuna boma moja lenye mbwa wakali na ni yeye tu anayejua kulifikia. Akapelekwa likizo asubuhi yake. Sisi tuliobaki tulikwenda kwenye boma lile tukiwa na fimbo na ugali, tukarudi na kipimo cha mita pamoja na suruali moja iliyochanika. Aliporudi, mbwa walikuwa wanatujua sote. Tatizo ni kwamba watu ni watu. Baada ya muda wenzangu waligundua njia, na mtu akitaka kwenda kupanda ndengu kwake alipita karibu na dirisha la Msimamizi akisema kwa sauti kuna kitu anakijua yeye tu. Naye aliwapa hiyo likizo, na sijui kama alijua wanamchezea. Nadhani alijua.

Nisimpambe sana. Ile imani yake kwamba kila mtu ajue kila kitu ilituharibia siku moja, na ilituharibia vibaya. Kila mtu alikuwa anajua kutia dawa kwenye tangi. Siku hiyo nilitia asubuhi, kisha nikaenda kliniki na mtoto. Karani alipoona sipo akadhani sijatia, akapanda kilima akatia. Mchana askari naye, kwa moyo mzuri kabisa, akapanda akatia. Jioni yake mama mmoja anayeuza chai na mandazi sokoni alikuja ofisini amebeba sufuria ya chai iliyofunikwa kwa kanga. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani kwa Msimamizi.

“Onja hiyo, mwaitu,” alimwambia. Mwaitu ni mama, na ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima. “Halafu uniambie kama mimi nauza chai ama nauza Jik ya kufulia nguo.”

Msimamizi alijimiminia kikombe akanywa chote, polepole, sisi tumesimama. Alimwambia mama yule kwamba kosa ni lake, na kwamba afungue bomba maji yamwagike hadi harufu iishe. Kesho yake alifunga kamba kwenye ngazi ya tangi, na kutoka siku hiyo anayetia dawa alifunga kitambaa chekundu kwenye kamba ili anayefuata akione. Alituambia tukila chakula cha mchana kwamba kufundisha tu jinsi ya kufanya kitu hakutoshi kama humfundishi mtu kuuliza kama kimefanywa, na yeye alikuwa ameruka hapo. Niliona aibu kwa ajili yake. Yeye aliendelea kula chakula chake.

Aliyefurahia chai ile ni Fundi.

Lazima nimtaje Fundi, kwa sababu yeye na Msimamizi hawaelezeki mmoja bila mwingine. Fundi alikuwa mtu wa bomba, alitoka upande wa Kanyangi, ng'ambo, huko Kitui, na alikuwa kwenye mradi tangu mtaro wa kwanza uchimbwe. Alijua bomba linapita wapi chini ya ardhi, viungo viko wapi, valvu ipi imefunikwa na shamba la nani. Ramani iliyochorwa mwanzoni ilikuwa imepitwa na wakati. Bomba lilikuwa limehamishwa hapa na pale na Fundi mwenyewe. Jumatatu zamu yake ikifika, mwenzake akisema hajui Fundi alifanya nini, Fundi alikuwa akiambiwa basi aeleze. Alikuwa akivua kofia, akaitazama ndani.

“Hapo chini kuna mambo mingi,” angesema. Akavaa kofia.

Msimamizi alimjaribu kwa njia zote. Alimfuata vichakani na kopo la rangi nyeupe, akipaka kila jiwe lililo karibu na kiungo. Baada ya mvua moja mawe yalikuwa yamehama, mengine yako mtoni, na hakuna aliyemwona aliyeyahamisha. Akampa vijana wa kumsaidia, Fundi akawatuma kununua sabuni wakati wa kufukua. Msimamizi hakumchukia hata hivyo. Mke wa Fundi alipolazwa, ni Msimamizi aliyempelekea uji kila siku, na Fundi mwenyewe alimwita mwaitu kwa sauti ya heshima kabisa. Walikuwa wanaamini vitu viwili, na kila mmoja alijua mwenzake anaamini nini.

Nilimuuliza Fundi siku moja tukingoja mpira wa valvu uletwe. Nilimuuliza kwa nini hataki kutuonyesha, na sisi ni watu wa nyumba moja.

“Wewe Mbithe, hiyo bomba ndio shamba yangu,” alisema. “Shamba ingine sina. Nikiwaonyesha leo, kesho mtaniambia asante, kwaheri.”

Nilimwona mchoyo. Nilimwambia Msimamizi maneno hayo, nikitarajia atakasirika pamoja nami, naye akasema Fundi ana haki ya kuogopa, na kwamba ni kazi ya ofisi kumfanya asiogope. Alisema ofisi yetu haijaweza. Akanituma nikaangalie kama kitambaa kimefungwa.

Mtu akisoma hapa atafikiri alikuwa mtu wa kufungua moyo. Hapana. Kazi yake tuliijua yote, maisha yake hatukuyajua hata kidogo. Aliimba kwaya ya kanisa gani, hatukujua hadi tulipoiona sare. Ukimuuliza nyumbani wakoje, alijibu nesa, wako salama, na kurudisha swali kwako, na wewe kwa ujinga wako ukajieleza nusu saa. Kila kitu alichojua kuhusu maji kilikuwa chetu, na hakuna kingine chochote kilichokuwa chetu.

Wiki moja aliomba ruhusa, akasema ana shughuli kidogo nyumbani. Mchana redio ya Kikamba ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, karani akiwa anahesabu risiti, na ghafla tukasikia jina lake likitajwa kama mjane. Mume wake alikuwa amekufa baada ya kuugua muda mrefu, tangazo lilisema. Muda huo mrefu sisi tulikuwa naye kila siku, akituuliza nani alifanya nini Alhamisi. Karani alizima redio, akaiwasha tena, kana kwamba ingesema vingine.

Tulikodi gari tukaenda mazishi, kwake, nje kidogo ya Kwa Vonza. Alikuwa amekaa kati ya wanawake wa kanisa, kitambaa kichwani, uso mkavu. Tulipanga mstari kumpa mkono. Nilipofika alinishika mkono na kuniinamisha karibu na mdomo wake, nikadhani anataka kulia.

“Nani amebaki kwa pampu?”

“Askari.”

“Anajua kuzima?”

“Si ulimfundisha.”

“Sawa,” akasema, akaniachia mkono.

Nilikasirika siku ile. Ni mojawapo ya mara chache ninazokumbuka kuhisi kitu kwa nguvu. Nilihisi kwamba ametufanyia dhuluma, kutufanya tumjue nusu tu, na ile nusu isiyolia. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki varandani. Aliuliza wiki ilikuwaje, na askari akaeleza pampu.

Wafadhili walipojitoa, bodi mpya ilichaguliwa, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa adabu, mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sitaki mtu amwone mkatili. Alikuwa na mishahara asiyoweza kuilipa. Alikuja asubuhi, akafunga mlango wa Msimamizi nyuma yake, lakini ukuta wa ndani ni mbao na kila kitu kilisikika. Sisi tuliokuwa upande wa pili hatukuondoka.

“Madam, si eti hatukutaki,” mwenyekiti alisema. “Lakini hebu tuangalie hii kitu pamoja. Tukitoa Fundi, hata wiki haiishi kabla kupasuke mahali, na hakuna mtu anajua kwa kufukua. Sasa tukikutoa wewe…”

“Haikatiki.”

“Haikatiki, Madam. Tumeuliza kila mtu. Hakuna kitu unafanya wengine hawajui.”

Niliangalia vidole vyangu vikiwa vyeupe kwa poda ya dawa.

“Basi mmeuliza vizuri,” alisema.

Mwenyekiti alikohoa. Akamwomba aandike handover, ili atakayeshika nafasi apate pa kuanzia.

“Ya kupea nani? Waite hao wako hapo nyuma ya mbao. Wanajua.”

Alitoka mchana uleule. Hakuaga kwa hotuba. Alipitia mlango wangu, mfuko begani, akaniambia ndoo ya dawa inakaribia kuisha na nisingoje iishe ndipo niagize. Nikamwambia sawa, Madam. Nilimtazama hadi akapotea kwenye kona ya ukuta wa kanisa. Nilingoja kulia. Nilikaa pale nikingoja kama mtu anayengoja chafya, haikuja, nikarudi kupima poda.

Kilichoniuma baadaye, na hata hicho kiliniuma kwa mbali, ni kwamba hakuna kilichoharibika. Maji yalitoka. Malalamiko yalijibiwa. Wateja walimuulizia mwezi wa kwanza tu. Nilitamani pampu ife, angalau siku moja, ili mtu aseme tungemwacha Madam kazini. Haikufa. Alikuwa amefanya kazi nzuri mno.

Vikao vya Jumatatu havikufutwa na mtu. Viti vya plastiki viliazimwa kwa harusi ya kanisani, havikurudi, na hakuna aliyevifuata. Msomaji mita akaweka neno la siri kwenye simu ya kusomea mita. Karani akaanza kwenda na funguo za kabati nyumbani. Mimi pia nilianza kuchanganya dawa nikiwa nimeupa mlango mgongo, na sikumbuki nilianza lini. Ofisi ya Msimamizi ilipewa Fundi. Anaweka vyuma humo.

Ni kitambo sasa tangu aondoke, na bodi imerudi kwenye mishahara. Safari hii wameajiri mama mmoja kijana kwa kandarasi, mwenye diploma ya maabara, mpole, wakamleta kwangu. Mwenyekiti akaniambia nimwonyeshe kila kitu cha dawa, anisaidie. Alisema anisaidie akiangalia pembeni. Ninajua hesabu ya mwenyekiti, niliisikia kupitia ukuta wa mbao. Nilimwambia yule mama aanze kwa kupanga chupa, na kesho yake nikamwambia apange chupa tena. Nilikuwa na hofu, lakini ilikuwa hofu iliyopoa. Jumamosi nikavuka kwenda Kwa Vonza kumuuliza Msimamizi.

Nilimkuta kando ya barabara, chini ya wavu mweusi wa kivuli, katikati ya miche. Anauza miche ya maembe na machungwa, ile iliyopandikizwa kwa kuunga kikonyo kwenye shina la mti mwingine, na mahali pake panajulikana. Nilipouliza tu sokoni nilielekezwa. Amekonda kidogo. Miwani iko palepale kwenye ncha ya pua. Kulikuwa na mteja, mwanamume mwenye pikipiki, anamweleza kwamba yeye pia amejaribu kupandikiza kwake na vikonyo vyote vinakauka, akataka kujua anakosea wapi.

“Hii hapa imeshika tayari,” Msimamizi alimwambia. “Chukua hii. Shida ya nini?”

Mteja alichukua mitatu, akaifunga kwenye kiti cha pikipiki, akaenda.

Alinipa kiti, akanipa chai kutoka kwa thamosi. Aliuliza kuhusu askari, karani, watoto wa karani. Aliuliza Fundi yuko namna gani, nikamwambia yuko ofisini mwake, akatikisa kichwa bila chuki. Nikamweleza kuhusu yule mama wa diploma. Nilimweleza yote, hata chupa nilizompangisha mara mbili, na alinisikiliza hivyohivyo alivyokuwa akisikiliza Jumatatu, bila kunikatiza.

“Sasa, Madam, nimfundishe?”

Alikuwa ameshika kisu kidogo na kitambaa, anafuta makali.

“Wa kwako bado wako shule?”

“Wako.”

“Basi.”

Nilidhani kuna kingine kinakuja. Magari yalipita. Nikamwambia, Madam, lakini ni wewe ulitufundisha tusifiche.

“Wakati huo nilikuwa na kazi,” alisema.

Hakusema kwa uchungu. Angekuwa na uchungu ningejua la kufanya, ningemshika mkono. Alisema jinsi mtu anavyokwambia saa. Nilikunywa chai yangu nikamaliza, nikachagua mche mmoja wa embe wa kupanda kwangu ili nisiondoke mikono mitupu. Ulikuwa mche mzuri, majani mapya yenye wekundu yanatoka juu ya mahali alipofunga nailoni, na jua la pale linavyochoma, miche ya majirani wawili niliyoipita njiani ilikuwa imekauka yote. Mteja alikuwa ameshaenda. Tulikuwa sisi wawili tu, na mimi si mteja, ni Mbithe aliyefundishwa na yeye kusoma mita, kupima poda, kuandika barua, kuzungumza na mtu aliyekasirika. Kwa hiyo nilimuuliza bila kufikiria, nikiinamisha kichwa kuona vizuri jinsi alivyofunga.

“Madam, unafanyaje ndio ishike na hii jua yote?”

Aliuchukua mche mikononi mwangu, akaugeuza ili nailoni iangalie upande wake, akauweka kwenye mfuko.

“Ni Mungu tu,” akasema.

Nikasema amen. Nikamlipa, akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia nisalimie wote.

Jumatatu yule mama alikuja mapema, akakaa mbele yangu na mikono mapajani, akaniuliza kama leo pia ni chupa. Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo. Badala yake nikasikia najiambia nisimame, nikasimama, nikachukua ndoo na kipimo, tukapanda kilima. Nilimwonyesha poda inavyopimwa, maji yakiwa machafu unaongeza namna gani, harufu ipi ni ya kawaida na ipi si ya kawaida, na makosa yangu yote niliyowahi kufanya. Kisha nikakaa chini nikamwambia anieleze yeye. Alieleza vizuri. Alikosea mahali padogo tu, nikamsahihisha, akaeleza tena bila kosa.

Bodi inakaa mwisho wa mwezi.